Mradi wa sayansi wa mwanao uko ghalani kwako

Maonyesho ya sayansi shuleni yakikaribia, wazazi wengi wanaofanya biashara mpakani humtafuta fundi. Fundi anaunda volkano ya karatasi au taa ya betri, mtoto anakariri maelezo, siku inapita. Hela imetoka, na hakuna swali lililojibiwa. Jaji akiuliza "kwa nini ulifanya hivi?", mtoto anatazama chini.

Mimi naona mradi mzuri uko ghalani.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama Namanga. Siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Bei ya gunia pande zote mbili za mpaka tunaijua kwa kichwa. Unyevu wa mahindi yenyewe, nani aliupima?

Kuvu hustawi penye unyevu, ndiyo maana kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi asilimia 13.5. Basi mwanao aulize swali moja tu: mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai hukauka haraka kuliko yaliyoanikwa kwenye udongo mtupu?

Vifaa ni chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, chumvi iliyokauka na mahindi. Anatia mahindi na chumvi kidogo, anatikisa dakika chache, kisha anaacha vitulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi takriban asilimia 15. Isiponata, uko chini ya hapo.

Kazi kubwa ni mpango. Mahindi yatoke gunia moja, yagawanywe sawa, yatandazwe kwa unene uleule, yapigwe na jua lilelile. Kinachobadilika ni mahali pa kuanika, basi. Apime kila siku saa ileile, sampuli tatu kila upande, na aandike daftarini papo hapo, hata jibu lisilomfurahisha. Mvua ikinyesha aiandike pia. Aanze wiki kadhaa kabla, maana jaribio moja halitoshi, arudie.

Aseme pia mbele ya majaji kwamba chupa haipimi sumukuvu, hiyo ni kazi ya maabara, na kwamba mahindi yenye asilimia 14 yatafaulu kwenye chupa lakini yatashindwa kwenye kiwango. Jaji makini atampa alama kwa ukweli huo. Asioteshe kuvu nyumbani ili apate cha kuonyesha, ni hatari.

Wewe mzazi toa debe mbili za mahindi na kona ya uwanja, halafu kaa pembeni. Ukishika daftari wewe, umekuwa fundi mwingine.

Anayeuza dagaa naye ana swali lake: kichanja au mchanga?