Kisangani: Kutembea kandokando ya mto, kijiji kwa kijiji. Njia ipi, na kwa faida ya nani?

Kisangani haina bahari. Pwani yote ya Congo ni karibu kilomita 40 tu, kule Moanda, mwisho mwingine wa nchi. Lakini mwenye anatafuta maji mapana, mchanga, mitumbwi na vijiji vinavyofuatana, asisumbuke: mto Congo unapita hapa mjini. Swali ni hili: anaweza kutembea upande gani kwa miguu, mbali na msongamano, na makuta yake yatabaki mikononi mwa nani?

Watu wengi wanajua fasi moja tu, Wagenia. Wavuvi wa pale, wenye kusimamisha miti mikubwa ndani ya maji makali na kutega vikapu vyao, wanajulikana duniani kote. Ni pazuri sana. Lakini ni fasi ya kupiga picha na kurudi. Mgeni anafika, anabishana juu ya bei, anakaa saa moja, halafu anaenda kula mjini. Vijiji vingine vya mto havioni hata franga moja.

Mwenye anataka kutembea siku nyingi ana njia mbili.

Ya kwanza ni kupanda juu, kuelekea Ubundu. Wagenia ni mwisho wa maporomoko 7 ya Boyoma, yenye kuenea karibu kilomita 100. Kwa kuwa meli haziwezi kuyapita, wakati wa ukoloni ilijengwa reli ya kilomita 125 hadi Ubundu, na ikafunguliwa mwaka 1906. Kwa macho, pengine hakuna njia nzuri kuliko hiyo. Kwa usalama, ni mambo mengine. Reli inaanzia Lubunga, ng'ambo ya kushoto, na tangu Februari 2023 upande huo umejua mapigano kati ya Wambole na Walengola juu ya udongo. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, maelfu wakakimbilia Kisangani. Mahali ambapo mama anaogopa kwenda shambani kwake, mgeni mwenye begi mgongoni hana kazi pale.

Njia ya pili ni kushuka, ng'ambo ya kuume, mpaka Yangambi, karibu kilomita 100. Lazima kuvuka mto Lindi, halafu kuna Yakusu, misioni ya zamani yenye hospitali iliyojulikana kwa kupigana na ugonjwa wa malale. Ni inchi ya Walokele, watu wa mto, uvuvi na biashara, ambao ngoma zao zilikuwa zinapeleka habari kijiji kwa kijiji mbele ya simu. Mwisho wa safari ni Yangambi, penye kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanza mwaka 1933, na pori ambalo UNESCO ililiandika kuwa hifadhi ya viumbe tangu 1976.

Tufanye hesabu kidogo. Kilomita 20 kwa siku ni siku 5, yaani usiku 4 katika vijiji 4. Mgeni wa siku 1 Wagenia analipa fasi moja. Huyu wa miguu atanunua samaki, kwanga na ndizi, atalipa kitanda, mwongozaji na mwenye mtumbwi, katika kila kijiji. Ng'ambo ya ziwa Kivu, Rwanda ilifuata wazo hilo kwa njia ya kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, ambapo watembeaji wanapita vijijini na kulala njiani.

Kwa watu wa karibu na pori la Yangambi, hiyo si mchezo wa matajiri. Makala mengi yenye kupika sombe ya Kisangani yanatoka pande zile. Kumwambia mtu asikate miti bila kumwonyesha kazi nyingine ni maneno ya bure. Watembeaji wachache hawatamaliza shida hiyo, lakini makuta yao yanaingia moja kwa moja nyumbani.

Hata hivyo, kuna hatari moja yenye watu wa mjini wanasahau. Katika jimbo ambalo udongo umemwaga damu, mtu asiyejulikana mwenye kupita akipiga picha na kutazama ramani kwenye simu anaweza kudhaniwa anapima shamba la watu. Ndiyo maana safari inaanzia kwa kapita wa kijiji. Msalimie, mwambie unatoka wapi na unaenda wapi, na umwombe mtu wa kukusindikiza mpaka kijiji kinachofuata. Pale anakukabidhi kwa mwingine, naye anarudi. Bei ijulikane mbele ya kulala, na ilipwe mbele ya watu. Mgeni wa kutoka inje ya nchi apite kwanza ku DGM.

Januari na Februari mvua inapungua kidogo, na njia zinakuwa afadhali. Mwenye hajawahi kutembea hivyo aanze na Yakusu tu: kwenda kwa miguu, kulala, kurudi na mtumbwi asubuhi. Kama kijiji kimoja kitapata faida na amani kutokana na wageni hao, kile kinachofuata kitafungua mlango chenyewe. Kama makuta yatabaki mjini, njia itakufa mbele ya kufika Yangambi.