Wanaosema gari ni nafuu hawajahesabu yote

Kila familia inayotoka kwetu kwenda kuzunguka Ulaya hupewa ushauri uleule na ndugu waliotangulia: kodini gari. Sababu zao nimezisikia mara nyingi, na nyingi hazisimami. Tuchukue safari ya Amsterdam hadi Roma, kupitia Ujerumani, Uswisi na Florence, ya baba, mama na watoto watatu wadogo.

Wanasema gari ni nafuu kwa sababu mafuta ni yaleyale hata mkijaa watano, ilhali tiketi za treni hukatwa kwa kichwa. Hoja hii ina nguvu kuliko zote, na ndiyo inayopotosha zaidi. Kwa pasi ya Eurail wanayouziwa wageni wasioishi Ulaya, kila mtu mzima huchukua bure watoto wawili wa miaka 4 hadi 11; walio chini ya hapo hawahitaji pasi kabisa. Familia hii inanunua pasi mbili, kisha inalipia nafasi za viti kwenye treni za kasi za Italia. Upande wa gari, mafuta ni mwanzo tu. Uswisi inadai stika ya barabara kuu ya faranga 40, ya mwaka mzima, hata kwa anayepita siku moja. Italia inatoza barabara kuu zake kwa umbali. Viti vya watoto ni lazima kisheria, na mwenye gari huvikodisha kwa siku. Halafu ukilichukua gari Amsterdam na kuliacha Roma, kuna ada ya kuliacha nchi nyingine, ambayo mara nyingine hupita kodi yenyewe.

Wanasema gari litakufikisha mlangoni. Mlango upi? Katikati ya Florence na Roma kuna maeneo yaitwayo ZTL, ambayo gari lisilo na kibali haliruhusiwi kuingia saa zilizopangwa. Hakuna askari wa kukusimamisha, ila kamera inapiga picha namba ya gari. Mgeni hupita bila kujua, akarudi nyumbani, na miezi kadhaa baadaye barua ya faini ikamfuata. Anayeshuka stesheni ya Santa Maria Novella hutembea dakika kama kumi tu hadi kanisa kuu la Florence.

Kwamba treni huchelewa, sibishi. Ujerumani mwaka 2024, treni za masafa marefu zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5 tu, na hapo kuchelewa kwa chini ya dakika 6 hakuhesabiwi. Mwenye watoto asipange kubadilisha treni kwa dakika nane. Aache saa nzima. Ila treni ikichelewa saa moja, sheria ya Umoja wa Ulaya humrudishia mwenye tiketi ya kawaida robo ya nauli, na ikifika saa mbili, nusu. Foleni hairudishi kitu. Barabara ya Gotthard, kwenye milima ya Alps, hupita katika handaki la kilomita 17 lenye njia moja kila upande, na likizo za kiangazi magari hujipanga kilomita kumi na zaidi. Treni ina handaki lake la kilomita 57, lililofunguliwa 2016, nayo hulimaliza kwa dakika kama ishirini.

“Watoto watachoka.” Hili ndilo linaloniuma. Ndani ya gari mtoto amefungwa mkanda, mama ameinamia ramani, na baba aliyeendesha kushoto maisha yake yote amekaza macho kwenye barabara ya kulia. Kwenye treni kuna choo, ujia wa kutembea na meza ya karata; treni za ghorofa za Uswisi zina hata behewa lenye sehemu ya watoto kuchezea. Ukichukua njia ya zamani kati ya Koblenz na Mainz, reli hufuata mto Rhine chini ya ngome za kale, na baba naye anaziona.

Mizigo? Begi moja kwa kila anayeweza kulibeba.

Hoja ninayoikubali ni ya vijiji vya Toscana, mkoa unaoizunguka Florence. Vingi havina reli, na mabasi Jumapili ni ya kutafuta. Fikeni Florence kwa treni, kodini gari siku tatu, lirudisheni palepale, kisha pandeni treni ya Roma, mwendo wa saa moja na nusu. Leseni ya kimataifa, ambayo Italia inaitaka kwa madereva wetu, ikatwe nyumbani kabla ya safari, huko hawatawapa.