UCHAMBUZI: Kidhibiti kilichochekwa na wajuzi, kikapokewa na wageni

Mnamo Septemba 16, 2005, Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa kampuni ya Nintendo, alipanda jukwaani katika maonyesho ya michezo ya video ya Tokyo, Japani, akiwa na kifaa cheupe kilichofanana na rimoti ya runinga. Kanda fupi aliyowaonyesha waliohudhuria haikuwa na picha ya mchezo hata mmoja. Iliwaonyesha watu wa rika mbalimbali wakikipunga kifaa hicho hewani: huyu kana kwamba anavua samaki, yule kana kwamba anakata mboga, mwingine kana kwamba anapiga ngoma.

Hivyo ndivyo ulimwengu ulivyokutana kwa mara ya kwanza na kidhibiti cha mtambo uliojulikana wakati huo kwa jina la muda la Revolution, na ambao mnamo Aprili 2006 ulibatizwa Wii.

Wachezaji waligawanyika papo hapo. Wapo walioshangilia, wakisema kwamba hatimaye kuna kampuni iliyothubutu kufanya jambo jipya. Wengi, hususan wale waliokuwa wamecheza kwa miaka na mikaka, walikuna vichwa. Je, mtu ataupunga mkono kwa saa tatu bila kuchoka? Michezo ya kandanda na ya mapigano, inayohitaji vitufe chungu nzima, itachezwaje kwa rimoti? Kampuni nyingine zinazounda michezo zitakubali kuhangaika kuibadilisha kwa ajili ya mtambo mmoja tu? Wenye kumbukumbu walitaja glavu ya Power Glove ya mwaka 1989, iliyoahidi kugeuza mkono kuwa kidhibiti na ikaishia kuwa kichekesho. Jina la Wii lilipotangazwa, dhihaka zilizidi, kwa kuwa katika masikio ya Waingereza na Wamarekani linafanana na neno ambalo watoto hutumia wakitaka kwenda haja ndogo.

Ingekuwa rahisi kuwacheka wakosoaji hao leo, kwa kuwa tunajua yaliyofuata. Hata hivyo, hofu yao ilikuwa na mizizi, na ni vyema kuielewa kabla ya kuihukumu.

Kidhibiti si kipande cha plastiki tu. Kitufe cha umbo la msalaba, kilichobuniwa na Gunpei Yokoi wa Nintendo na kutumiwa mnamo 1982, ndicho kilichofundisha kidole gumba cha vizazi kadhaa namna ya kutembea ndani ya runinga. Baadaye viliongezwa vijiti, na vitufe vya mabegani. Kila hatua ilijengwa juu ya ile iliyotangulia. Yeyote aliyewahi kuchungulia ndani ya vibanda vya michezo ya video katika mitaa ya Nairobi, ambako vijana hulipia mechi za kandanda, ameliona jambo hili. Kijana hukodolea macho runinga na kumtania mpinzani wake, huku vidole vyake vikifanya kazi bila kutazamwa. Huo ni ujuzi uliogharimu muda na fedha. Ukimnyang'anya pedi hiyo na kumkabidhi rimoti, umemrudisha darasa la kwanza, aketi dawati moja na nyanya yake.

Kumbe hilo ndilo hasa alilolitaka Iwata. Nintendo, iliyoasisiwa jijini Kyoto mnamo 1889 ikitengeneza karata, ilikuwa ikizidiwa nguvu. Mtambo wake wa Nintendo 64 uliuza takriban milioni 33; ule uliofuata, GameCube, uliuza chini ya milioni 22. PlayStation 2 ya kampuni ya Sony ilikwisha kuzipita zote mbili kwa mbali, na katika uhai wake iliuza zaidi ya milioni 150. Kushindana na Sony na Microsoft kwa ubora wa picha kulihitaji fedha nyingi bila hakika ya ushindi. Iwata aliamini kwamba tatizo lilikuwa kubwa zaidi: michezo ilikuwa imekuwa migumu kiasi cha kuwafukuza wageni, na pedi yenye vitufe tele ndiyo iliyokuwa mlango uliofungwa. Badala ya kugombea wachezaji waliokuwapo, akaamua kuwatafuta wasiokuwapo.

Kwa mintarafu hiyo, wapenzi wa jadi waliposhtuka, hawakukosea kuhisi kwamba kifaa kile hakikuwa kimelengwa kwao. Methali yasema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walihisi kwamba wanatozwa kiingilio nyumbani mwao ili wageni wapate viti.

Sauti zilianza kubadilika Mei 2006 katika maonyesho ya E3 jijini Los Angeles, Marekani, watu walipopata fursa ya kukishika kifaa chenyewe. Foleni za kuujaribu mtambo huo zilidumu saa kadhaa. Hapo ndipo penye funzo la kwanza: kidhibiti hakihukumiwi kwa macho. Hukumu ya Septemba 2005 ilikuwa ya picha. Ile ya Mei 2006 ilikuwa ya mkono.

Sokoni, mambo yalikuwa bayana. Wii iliingia madukani Marekani mnamo Novemba 19, 2006 kwa dola 250, ilhali PlayStation 3, iliyotangulia kwa siku mbili, iliuzwa dola 500 na 600. Mchezo wa Wii Sports, uliotolewa pamoja na mtambo huo isipokuwa katika nchi chache kama Japani, haukuhitaji maelezo. Aliyewahi kurusha mpira alijua la kufanya. Makao ya wazee yalianzisha mashindano ya bolingi, na wataalamu wa tiba ya viungo wakautumia kuwafanyisha wagonjwa mazoezi. Baadhi ya wachezaji waliupunga mkono kwa nguvu hadi rimoti ikawaponyoka, na mnamo Desemba 2006 Nintendo ilitangaza kwamba ingebadilisha kamba milioni 3.2 za kukifunga kifaa hicho mkononi. Hatimaye Wii iliuza zaidi ya milioni 101, ikizipiku PlayStation 3 na Xbox 360.

Je, wakosoaji walikosea kabisa? Mgala muue na haki umpe. Walikosea kuhusu mauzo, lakini mengi waliyoyasema kuhusu uchezaji yalitimia.

Mosi, usahihi wa kifaa hicho ulikuwa na mipaka. Kiliweza kuhisi kwamba mkono umetikiswa, lakini hakikufuata kikamilifu kila mzunguko wake, hadi Nintendo ikalazimika kuuza kiambatisho cha MotionPlus mnamo 2009. Pili, kampuni nyingi zilizounda michezo mikubwa ziliipeleka kwa washindani, ambao mitambo yao ilikuwa na nguvu zaidi. Tatu, mgeni aliyevutwa na jambo jipya aghalabu huondoka jambo hilo likichakaa. Katika mwaka wa kifedha uliomalizika Machi 2009, Nintendo iliuza takriban Wii milioni 26. Katika ule uliomalizika Machi 2012, haikufika milioni 10. Nyanya alifurahia bolingi yake, lakini hakurudi dukani kununua mchezo wa pili, wa tatu na wa nne. Anayefanya hivyo ni yule shabiki aliyenung'unika mwaka 2005.

Kilichofuata kilithibitisha hatari hiyo. Wii U, iliyozinduliwa Novemba 2012 ikiwa na kidhibiti kikubwa chenye kioo katikati, iliuza milioni 13.5 tu. Wateja wengi walidhani kwamba kidhibiti hicho ni kiambatisho cha Wii waliyokuwa nayo, ilhali mashabiki wa jadi hawakuona sababu ya kuziacha PlayStation na Xbox zao. Mtambo huo ulijaribu kuwaridhisha wote, ukawapoteza wote. Mnamo Januari 2014, Iwata alitangaza kwamba angejipunguzia mshahara kwa nusu kwa miezi kadhaa.

Microsoft nayo iliungua mkono. Mnamo 2013 iliuza Xbox One pamoja na kamera ya Kinect kwa dola 500, ikimlazimisha kila mnunuzi kulipia kifaa ambacho wengi hawakukiomba. Malalamiko yalipozidi, Juni 2014 ilianza kuuza mtambo huo bila kamera kwa dola 400. Hapa wapenzi wa michezo ndio waliokuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Iwata aliaga dunia Julai 2015, kabla ya kuushuhudia mtambo wa Switch ulioingia madukani Machi 2017. Vidhibiti vyake huchomolewa pande zote mbili. Vikiunganishwa huwa pedi ya kawaida ambayo shabiki anaijua; vikitenganishwa huwa rimoti mbili ambazo mgeni na mwanawe wanaweza kugawana. Switch imeuza zaidi ya milioni 150. Hapa kampuni ilikuwa imejibu swali la mwaka 2005: mgeni alikaribishwa bila mwenyeji kuondolewa kitini.

Ndiyo maana mapokezi ya Switch 2, iliyotoka Juni 5, 2025, yalikuwa tofauti. Vidhibiti vyake vinaweza kulazwa mezani na kutumiwa kama kipanya cha tarakilishi, jambo ambalo miaka 20 iliyopita lingezua mjadala wa mwezi mzima. Safari hii mayowe makubwa yalihusu bei: dola 450 kwa mtambo, na dola 80 kwa mchezo wa Mario Kart World. Hata hivyo, zaidi ya mitambo milioni 3.5 ilinunuliwa katika siku nne za kwanza.

Historia hii inatupa kipimo cha kutumia kila kampuni inapotangaza kifaa cha ajabu. Malalamiko kwamba kifaa kinachekesha au hakifanani na cha jana yanafaa kusubiri mkono ukishike. Lakini malalamiko kwamba mteja analazimishwa kulipia asichokitaka, au kwamba kifaa hakitimizi kilichoahidiwa, hayana sababu ya kusubiri.

Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Nintendo iliuacha mbacha wake mwaka 2005, ikavuna mabilioni, kisha ikahitaji zaidi ya miaka kumi kujifunza kwamba mbacha na msala vinaweza kutandikwa katika chumba kimoja.