Kabla ya Ekzosi, Tazama Matairi

USUKANI, na Baraka Mwakio

Mwaka 2000 Richard Burns alishinda Safari Rally akiendesha Subaru Impreza ya buluu ambayo Wakenya wa umri fulani bado wanaukumbuka mlio wake. Wengi wasichokumbuka ni kwamba injini ile ilikuwa imefungwa hatamu. Kanuni za mashindano zililazimisha hewa yote ya turbo ipite katika tundu la kipenyo cha milimita 34, na kwa sababu hiyo nguvu yake ilibaki karibu farasi 300. Impreza STI iliyouzwa madukani Japani wakati huo iliandikwa farasi 280. Tofauti ni ndogo mno kueleza ushindi katika barabara zile za vumbi na mawe. Kazi kubwa ya timu ilikuwa kwingine: shokapu ndefu, springi, breki, matairi, bamba la kukinga tumbo la gari, na bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa ili injini isimeze maji. Na gari lenyewe lilinyanyuliwa.

Mashabiki wanaomiminika Naivasha kila Safari inapofika hufanya kinyume chake. Impreza zao zimeshushwa mpaka zinapanda matuta kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, huku abiria wakishika roho mkononi. Ekzosi ni kubwa kama debe. Ukichungulia matairi, mbele kuna jina moja, nyuma jina jingine, na moja limeshakuwa kipara.

Safu hii haina ugomvi na vijana wanaopenda magari ya mbio. Gari la kawaida lenye moyo wa michezo ni furaha halali, na Kenya ina sababu zake za kulipenda Subaru kuliko majina mengine: Colin McRae alishinda Safari na Impreza mwaka 1997, na kabla ya hapo, mwaka 1993, Patrick Njiru alimaliza wa 12 katika Vivio, kigari cha injini ya cc 660 ambacho wengine wangeona haya kwendea sokoni. (McRae naye alianza Safari hiyo katika Vivio, akaenda kama upepo, lakini gari likamfia njiani. Njiru alifika.) Ugomvi uko kwenye mpangilio wa matumizi. Mwanagenzi huanza na kelele, akaja na nguvu, na breki huzikumbuka siku ya kuzihitaji.

Tuanze na hiyo kelele, kwa kuwa ndiyo inayouzwa zaidi. Kuna ile vali inayopiga chafya dereva anapoachia mafuta. Kwenye Impreza ya turbo, kiwanda kiliifunga ili hewa inayotoka irudi ndani ya mfumo. Fundi wa Kirinyaga Road anaweza kumfungia kijana vali ya kuitapika hewa hiyo nje, mlio ukapatikana, na hakuna hata farasi mmoja aliyeongezeka. Tatizo ni kwamba gari hili hupima hewa mwanzoni kabisa, kabla haijafika kwenye turbo. Kompyuta ya injini imeshaihesabu hewa ile na kuitengea petroli yake. Ikitupwa nje, petroli inabaki bila mwenza, injini inakohoa na moshi mweusi unatoka nyuma. Mwenye gari amelipa ili injini yake ikosee hesabu kila anapobadili gia.

Milipuko ya ekzosi inayoshtua watu usiku kwenye Thika Road ni ndugu wa tatizo hilo hilo: petroli inayowakia ndani ya bomba badala ya kuwakia ndani ya injini. Katalisti haidumu katika moto huo. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA zipo, ingawa kijana wa saa sita za usiku hazimsumbui.

Pesa ya kwanza iende kwenye matairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya duara: 2319 ina maana lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la mtumba linaweza kufika Mombasa likiwa na matairi yenye kashata nzuri machoni lakini raba imekauka kama ganda la mti, na raba kavu haishiki lami, hasa lami iliyonyeshewa baada ya miezi ya vumbi na oili. Kwa Subaru kuna sharti jingine. Magurudumu yote manne huvuta, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna difu inayovumilia tofauti ndogo tu ya mwendo. Subaru hutaka mizingo ya matairi isitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi. Anayenunua mawili mapya na kuacha mawili yaliyolika anailazimisha difu hiyo ifanye kazi kila mita ya safari, hata kwenye barabara iliyonyooka. Itachemka, na siku moja itakufa. Matairi manne ya daraja la kati, ya jina moja na saizi moja, hubadilisha gari hilo kuliko ekzosi yoyote iliyowahi kufungwa kwenye gereji za Grogan.

Rimu zinaweza kungoja. Anayeshindwa kungoja ahesabu nati na nafasi zake kwanza: Impreza WRX ya enzi za Burns hutumia 5x100, na STI kuanzia mwaka wa modeli 2005 ikahamia 5x114.3. Kwa macho zinakaribiana, na kuna waliolazimisha.

Halafu breki. Barabara ya kutoka Rironi hadi Mai Mahiu inateremka ukuta wa Bonde la Ufa nyuma ya malori, kona baada ya kona, na kule chini ndiko wengi hugundua pedali imekuwa laini kama ugali usioiva. Mara nyingi si pedi. Ni mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya maji kutoka hewani mwaka baada ya mwaka. DOT 4 mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kuanguka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Kubadilisha mafuta yote na kufunga pedi bora ni kazi ya asubuhi moja. Kaliper kubwa za dhahabu zinapendeza kwenye picha, ila zikijazwa mafuta ya miaka sita zitafeli pale pale.

Kisha injini yenyewe. EJ20 za turbo zilizomo kwenye Impreza hizi zina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali na pistoni hukutana. Kwa kuwa mita za magari ya mtumba hurudishwa nyuma na watu wasio na aibu, mnunuzi mwenye busara huubadilisha wiki ya kwanza pamoja na pampu ya maji. Hakuna atakayemsifu kwa hilo kwenye maegesho.

Shokapu na bushi mpya za kiwango cha kiwandani zinakuja baada ya hapo. Kushusha gari ni uamuzi wa mwisho, na kwa barabara zenye matuta yasiyopakwa rangi, safu hii inasema lisishushwe kabisa.

Sasa ndiyo nguvu. Hapa kuna mtego ambao vijana wengi huingia wakiwa wamesoma, si wajinga. Mtu hupakua kwenye intaneti mpangilio wa kompyuta ya injini ulioandikwa na Mmarekani kwa petroli ya oktani 93. Kenya petroli ya kawaida ni 93 pia, basi anaupakia kwa moyo mweupe. Lakini Marekani huandika wastani wa vipimo viwili vya oktani, na Kenya hutumia kimoja, kile kikubwa. 93 ya Mmarekani ni karibu 98 ya hapa. Injini inayokunywa petroli dhaifu kuliko iliyopangiwa huanza kugonga, mara nyingine kwa sauti ambayo ekzosi mpya inaifunika, mpaka kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi zinapovunjika. Hata mpangilio wa kiwanda wa magari ya Japani ulitegemea petroli ya kule yenye oktani inayokaribia 100. Ndiyo maana fundi anayeijua kazi hii hupanga gari likiwa na petroli ya pampu ambayo mwenye gari hujaza kila wiki, akisikiliza kwa kipimo chake kama injini inagonga, na mara nyingi humaliza kwa kupunguza presha ya turbo chini ya ile mteja aliyokuja akiitaka.