Kiti cha pikipiki kimerefushwa kwa faida ya nani?

Ndugu wasikilizaji na wasomaji wa Butembo, Beni, Oicha na Lubero, na nyinyi wote mliokimbilia huku mkiacha mashamba na nyumba, leo tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mtu anakikalia na hakuna anayekisemea: kiti cha pikipiki.

Wanaopanda farasi, ambao wengi wetu tunawajua kwa Biblia na filamu tu, wana kanuni moja. Farasi mpya akiletwa, hawamfungi tandiko lolote lililo dukani. Wanapima kwanza mgongo wa mnyama, kisha wanaangalia mwili wa mpandaji. Tandiko zuri linagawa uzito pande mbili na kuacha uti wa mgongo bila kuguswa. Likibana, linatoa vidonda, na mnyama mwenye vidonda hamfikishi mtu mbali. Sisi farasi wetu ni pikipiki. Ndiyo basi letu, ndiyo gari letu la wagonjwa, na tangu mauaji yaanze upande wa Beni mwezi wa Oktoba 2014, ndiyo inayotoa familia kijijini usiku. Sasa tandiko lake tunalifanyaje?

Tunaliharibu wiki ya kwanza. Pikipiki mpya inanunuliwa, na kabla haijabeba abiria hata mmoja inapelekwa kwa fundi wa kuchomelea. Kishikio cha nyuma kinafunguliwa. Chuma kirefu cha mizigo kinaunganishwa, kiti kinavutwa juu yake kwa ubao na sponji nyembamba, kisha kinafunikwa plastiki yenye rangi nzuri. Kiti kilichotoka kiwandani kwa watu wawili, dereva na abiria mmoja, sasa kinaitwa cha watu wanne. Dereva anasogezwa mbele mpaka anakalia tanki la mafuta.

Angalieni matokeo yake. Uzito ukipita nyuma ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Kwenye vilima vya Butembo, na Butembo ni vilima vitupu, usukani hautii tena. Springi za nyuma zinalala, na kila shimo la barabarani linaingia moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wa abiria. Pikipiki ina vikanyagio vya abiria mmoja. Wa pili na wa tatu miguu yao inaning'inia: huyu anaunguzwa na bomba la moshi, yule anaogopa mguu wa mtoto usiingie kati ya vyuma vyembamba vya gurudumu. Mama aliyevaa kikwembe anakaa upande, bila kishikio, mtoto mgongoni, mwingine amebanwa kati yake na dereva. Mama mjamzito anayepelekwa kujifungua naye anakalia ubao huo huo.

Na tusiseme kwamba hatujui kutengeneza kitu kinacholingana na mwili. Mtu wa chukudu anaweka kipande cha mpira pale goti lake linapokaa, kwa sababu anajua bila mpira ule goti litakwisha. Mama anayebeba kuni au mihogo kwa kamba ya kichwani anakunja kitambaa chini ya kamba. Hawa ni watu maskini kuliko mwenye pikipiki, lakini wanajua kwamba chombo kisicholingana na mwili kinaumiza mwili. Mwenye pikipiki naye anajua. Tofauti ni kwamba mwili unaoumia si wake.

Hapo ndipo penye shida. Fundi aliyeweza kurefusha kiti anashindwaje kuongeza vikanyagio viwili? Ni vipande viwili vya chuma! Aliyeweza kuchomelea chuma cha mizigo anashindwaje kurudisha kishikio? Hashindwi. Hakuambiwa. Aliambiwa arefushe ile sehemu inayoingiza pesa, basi. Sehemu inayomlinda abiria hakuna aliyeiuliza bei.

Wengine watajibu: barabara ni mbaya, mafuta ni ghali, dereva ana pesa ya kumpelekea mwenye pikipiki kila jioni, na familia iliyokimbia haina uwezo wa kulipa pikipiki mbili. Yote hayo ni kweli. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalokataza kishikio. Kama umaskini unatulazimisha kupanda watatu, basi kiti cha watatu kiwe na sponji ya kutosha, mahali pa kushika na mahali pa kukanyaga. Na chuma cha mizigo kibaki cha mizigo: magunia ya kakao, makaa, mbao. Kifungwe kwa bulo, kitolewe siku ya kubeba watu. Gunia halina uti wa mgongo.

Wengine watasema tena: mtu anayekimbia risasi hachagui kiti. Kweli kabisa. Mwisho wa Juni 2024, M23 ilipoingia Kanyabayonga, watu walipanda kuelekea Lubero na Butembo kwa chochote walichokipata, na wengi kwa miguu. Siku ile hakuna wa kumuuliza dereva juu ya vikanyagio. Ndiyo maana kazi hii lazima ifanywe leo, kukiwa na utulivu kidogo. Pikipiki inayopeleka watu sokoni asubuhi ndiyo hiyo hiyo itakayobeba bibi, watoto, godoro na sufuria usiku vijiji vitakapohama.

Kwa hiyo tunasema wazi.

Wenye pikipiki: kiti mlichonunua na pikipiki msikiuze. Kama mnarefusha, refusheni na usalama pia.

Vyama vya wataksimani: nyinyi mna nguvu ya kusimamisha mji mzima kwa nusu siku. Tumieni nguvu hiyo kuweka kanuni moja kwa kila pikipiki inayobeba abiria: hakuna kishikio na vikanyagio, hakuna kazi.

Wakuu wa mji: tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, na vizuizi barabarani haviko vichache. Pikipiki inasimamishwa, namba inaangaliwa, karatasi zinaangaliwa. Macho yashuke kidogo mpaka kwenye kiti. Lakini isiwe njia mpya ya kutoza pesa. Mwenye kosa apewe siku za kurekebisha, arudi kuonyesha.

Mashirika yanayosaidia waliohama: mama anayetoka hospitali na kichanga, au mzee asiyeweza kutembea, mnapomlipia usafiri, ulizeni atakalia nini.

Na nyinyi abiria, hasa familia zilizohama ambazo hudhani hazina haki ya kuuliza. Kabla ya kupanda angalieni vitu vitatu: nitashika wapi, nitakanyaga wapi, bomba la moshi liko upande gani. Mtoto asikae nyuma kabisa, akae kati ya watu wazima wawili. Kikwembe na kamba ya mzigo vikunjwe mbali na gurudumu. Kama madereva wawili wanaomba bei moja, mchague mwenye kishikio, na umwambie ni kwa sababu hiyo umemchagua. Mwenzake atasikia, na jioni atampelekea mwenye pikipiki habari hiyo pamoja na pesa pungufu.

Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na mbuzi amebaki na mwili wake. Tusimvunjie huo pia njiani, kwa ajili ya vipande viwili vya chuma.