UJIRA WA MHUDUMU SI SADAKA YA TAJIRI

Sifa njema zote anastahiki Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu. Ama baad.

Limeenea miongoni mwa wenye migahawa, na baadhi yao tunasimama nao safu ya kwanza, jambo ambalo hatulioni jina jingine isipokuwa dhulma. Kijana anaingia kazini kabla ya alfajiri, anatoka baada ya isha, na mwezi ukiisha anaambiwa asubiri, biashara ilikuwa mbaya. Sahani ikivunjika, anakatwa. Mteja akila na kutoroka, anakatwa. Akiuliza, anajibiwa: kwani hapa huli bure? Kisha Ramadhani ikiingia, tajiri huyo huyo anapeleka sinia za futari msikitini, nasi tunamwombea dua!

Wanaojitetea husema hapana mkataba wa maandishi, basi hapana deni. Hoja hii ni batili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar wana yao ya mwaka 2005), inamtaka mwajiri ndiye amwandikie mfanyakazi masharti ya kazi. Na shauri likifika mbele ya waamuzi naye hana karatasi, mzigo wa kuthibitisha ni wake, si wa mhudumu. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi hulipwa kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu.

Ama hiyo sahani, haikatwi kwa hasira. Ni lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mteja aliyetoroka ni kosa gani la mpika chapati?

Na tuiache sheria ya nchi. Ni nani miongoni mwetu asiyejua kisa cha watu watatu waliofungiwa pangoni na jabali? Mmoja wao aliachiwa ujira na kibarua aliyeondoka. Akauzalisha hata ukawa ngamia, ng'ombe na kondoo, na mwenyewe aliporejea akadhani anafanyiwa mzaha. Akaswaga wote, hakubakisha hata mmoja. Matajiri wetu nao huuzalisha ujira wa watu: hununulia jiko la pili, hufungulia tawi la pili. Kurudisha ndiko hawakujui.

Mwenye kudai asikae akinung'unika jikoni. Aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Aliyeachishwa kazi, siku 30 tu. Akichelewa itambidi kwanza aombe aruhusiwe, kwa sababu ya kuridhisha. Asiyeweza kujaza fomu, nasi walimu wa madrasa kalamu tunazo, na baada ya alasiri tupo.

Wabillahi tawfiq.