Jina Pekee Si Urithi

Wako watu katika nchi yetu wasemao kwamba elimu ya nyota si kazi yetu. Husema, "Mtoto wa Kakamega na ajifunze habari za miwa na mahindi, mbingu awaachie wenye mali." Maneno hayo yamevaa vazi la busara, lakini ndani yake mna dharau. Yafaa yapingwe.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Waliorusha walikuwa Waitalia. Setilaiti iliyobebwa ilikuwa ya Wamarekani. Kwa heshima ya siku ile na ya nchi ile, ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kwa kazi hii moja tu, kuchunguza eksirei zitokazo angani.

Kwa nini kupanda juu kiasi hicho? Eksirei hupenya nyama ya mwili, lakini haziwezi kupenya unene wote wa hewa iizungukayo dunia. Mtu akiweka darubini yake juu ya kilele cha Mlima Elgon, hataziona. Sharti chombo kitoke nje ya hewa.

Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo, Centaurus X-3, kilipiga kama moyo kila baada ya sekunde 4.8, kisha kikafichika kwa saa kadhaa kila baada ya siku 2 hivi. Wataalamu wakafahamu kwamba kilikuwa kikipita nyuma ya nyota kubwa sana. Huyo ni jirani mdogo wa umbo, mzito ajabu, anayeinyonya nyota ile. Gesi imwangukiapo hupata joto la mamilioni ya digrii, ikatoa eksirei. Cygnus X-1 nacho kilikuja kutambuliwa kuwa shimo jeusi linaloinyonya nyota nyingine kubwa. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Darubini ya Einstein, iliyorushwa mwaka 1978, ikaonyesha kwamba hata nyota kubwa zisizo na jirani wa namna hiyo hutoa eksirei, kwa kuwa pepo zake huvuma kwa mwendo wa kama kilomita 2,000 kwa sekunde, na gesi hugongana ikawaka.

"Unga uko wapi katika hayo?" watauliza. Nasi tuwaulize: mababu walipokitazama Kilimia ili wajue majira ya kulima, walikuwa wakipoteza wakati? Zaidi ya hayo, oksijeni tuivutayo katika Msitu wa Kakamega ilipikwa, kwa sehemu kubwa, ndani ya nyota kubwa zilizokufa kabla jua letu halijazaliwa. Anayezichunguza nyota hizo achunguza asili ya pumzi yake mwenyewe.

Lakini wako na wengine, nao hawana nafuu: wale wajisifuo kwa jina la Uhuru wala wasijue iligundua nini. Tulitoa bahari, tukatoa jina. Maarifa wakayachukua waliosoma hesabu. Jina pekee si urithi. Mwenye kisima asiyejua kuteka maji hufa kwa kiu sawa na asiye na kisima.

Wala umaskini si udhuru wa kutosha. Darubini za Chandra na XMM-Newton zilirushwa mwaka 1999, na sehemu kubwa ya vipimo vyake yapatikana katika intaneti bila malipo. Hapahitajiwi roketi. Yahitajiwa kompyuta, fizikia, hesabu, na mwalimu asiyemcheka mwanafunzi aulizaye habari za mbingu. Kakamega kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Mlango hauko mbali.

Basi, enyi wanafunzi, msiikimbie fizikia kwa kuambiwa ni ya wengine. Mlango ule ulifunguliwa katika bahari yetu, kwa neno la lugha yetu. Aibu si kukosa roketi. Aibu ni kusimama kizingitini miaka yote hii, tukisoma jina lililoandikwa juu ya mlango, bila kuingia.